Bingwa wa kilo 63 aliyepigana kilo 60

Mwanamume haruhusiwi kuingia chumba cha kupimia uzito mabondia wa kike, kwa hiyo nilimsubiri bondia wetu mlangoni na chupa ya maji mkononi. Ilikuwa asubuhi mapema, ugenini, siku ya pambano lake la kwanza la kimataifa. Alipotoka alinionyesha dole gumba. "Nimeingia, kaka. Sitini kamili." Midomo yake ilikuwa imepasuka na kufanya weupe kama ya mtu aliyelamba chumvi. Nikampa chupa. Akashika kizibo, akazungusha, kikagoma. Akajaribu tena, kikagoma. Binti anayepiga begi la mazoezi raundi kumi bila kuegemea ukuta akanirudishia chupa ili nimfungulie.

Nilipaswa kuelewa palepale. Jioni yake alipoteza pambano kwa majaji wote 5.

Tuliporudi Dar es Salaam hukumu ilikuwa imeshatolewa vijiweni, kuanzia Manzese mpaka Mabibo: huyu dada ana ngumi za nyumbani tu, akivuka mpaka anaogopa. Wapo waliomtumia maneno hayo kwenye simu yake, wengine ni watu tuliokaa nao benchi moja. Mimi ndiye ninayemshikia pedi za kupigia ngumi mazoezini na ndiye ninayeandika daftari lake la mazoezi tangu alipoanza. Nimekaa kimya muda mrefu, na sasa, kwa idhini yake, naeleza kisa kizima kama kilivyo. Jina simtaji. Ameomba hivyo.

Ninachokisema ni hiki: binti hakukosa moyo. Tulimpandisha ulingoni kwenye uzito usio wake, akiwa na mataji mengi na mapambano machache, halafu tukashangaa alipopigwa.

Alikuja jimu akiwa na miaka 17, tena hakuja kupigana. Alimletea kaka yake ufunguo wa chumba. Jimu yetu ni uwanja nyuma ya nyumba ya watu, chini mchanga, begi moja la kununua na mengine mawili ya viroba vilivyoshindiliwa matambara. Kaka yake alikuwa katikati ya sparingi, yaani pambano la mazoezi, mwalimu akamwambia binti, "Ruka kamba wakati unasubiri, usisimame bure." Akaruka dakika 20. Kesho yake akarudi bila ufunguo. Mama yake anauza vitumbua karibu na kituo cha Manzese Tip Top, na kwa miaka yote hii binti amekuwa akiamka saa tisa usiku kumsaidia kukoroga, kisha anakimbia barabarani kabla daladala hazijajaa, kisha ndipo siku yake inaanza. Mtu wa namna hiyo akiambiwa hana moyo mimi hunichoma.

Mwalimu aliona mapema kwamba mkono wake wa kulia una uzito usio wa kawaida. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa bingwa wa mkoa, na ndani ya miaka 6 akawa bingwa wa taifa mara 4, zote kwenye kilo 63. Ukisoma hayo peke yake utaona bondia aliyekamilika.

Sasa turudi kwenye zile kilo tatu.

Miaka hiyo mashindano ya dunia ya ngumi za ridhaa kwa wanawake yalikuwa na madaraja 12 ya uzito, kuanzia kilo 48 hadi zaidi ya 81. Olimpiki ya Paris mwaka 2024 ilichukua 6 tu: kilo 50, 54, 57, 60, 66 na 75. Hata hayo 6 yalikuwa hatua kubwa, maana wanawake walipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, London 2012, walipewa madaraja 3 na nafasi 36 kwa dunia nzima. Lakini tazama pengo lililopo kati ya 60 na 66. Mwili wa bondia wetu unakaa kilo 63 na nusu akiwa ameshiba, 63 akiwa kwenye mazoezi makali. Alikuwa bingwa wa uzito ambao Olimpiki haukuwepo.

Si yeye peke yake aliyekwama humo. Fainali ya dunia ya kilo 63 iliyopigwa Istanbul mwaka 2022 ilimkutanisha Amy Broadhurst wa Ireland na Imane Khelif wa Algeria. Broadhurst akashinda, akawa bingwa wa dunia. Ila kwenye kilo 60 nchini kwake alikuwepo Kellie Harrington, bingwa wa Olimpiki, kwa hiyo Broadhurst akalazimika kuangalia juu, kilo 66. Akakosa nafasi kwenye timu ya Ireland, akahamia Uingereza, na bado hakufuzu Paris. Khelif, aliyekuwa amepigana kilo 60 Tokyo na kutolewa robo fainali na huyohuyo Harrington, alipanda 66 na kuchukua dhahabu Paris. (Kelele nyingine zilizomzunguka Khelif kule Paris ni habari ya siku nyingine.) Wanawake wawili bora duniani kwenye kilo 63, na kilichoamua mwelekeo wa maisha yao baada ya fainali ile kilikuwa mizani.

Kwa binti yetu, alipoitwa kwenye timu ya taifa aliambiwa wazi: chagua 60 au 66. Siwalaumu sana walioamua hivyo. Fedha ya safari ni ndogo, na tiketi ya ndege inakatwa kwa uzito unaoelekea Olimpiki. Mwalimu akachagua 60. Hoja yake ilikuwa ya zamani na kila jimu ya Dar unaisikia: shuka chini ukawakute wadogo, wewe utakuwa mkubwa wao. Nami niliikubali, nikaandika kwenye daftari kwa wino mwekundu, "60", nikapigia mstari.

Hoja hiyo ni ya ngumi za kulipwa. Bondia wa kulipwa anapima uzito siku moja kabla ya pambano, akishuka kwenye mizani anakunywa, anakula, analala, na kesho usiku anapanda ulingoni akiwa amerudisha kilo kadhaa. Sisi wa ridhaa tunapima asubuhi ya siku ileile ya pambano. Ukishinda, unapima tena asubuhi ya pambano linalofuata, na kama unataka medali unaweza kupima mara 4 ndani ya wiki. Kilo tatu ulizozikausha hazirudi. Unazibeba kama deni mpaka fainali, ukifika.

Alizikausha namna watu wengi wanavyozikausha hapa mjini. Koti la mvua juu ya sweta, kamba, jua la saa saba mchana, na joto la Dar la mwezi wa pili ambalo mtu aliyekaa kivulini tu linamtoa jasho. Wiki mbili za mwisho chakula chake kilikuwa yai, tango na kipande cha samaki. Siku mbili za mwisho, maji ya kusukutua. Mama yake alikuja jimu akasimama getini na kikapu chake, akamwangalia mwanawe akiruka kamba ndani ya koti, akaniuliza, "Huyu anaumwa?" Nikamjibu kwamba ndivyo mchezo ulivyo. Sentensi hiyo naijutia mpaka leo.

Kuna jambo jingine kuhusu uzito ambalo nilikuwa nalo kwenye daftari miaka yote bila kulisoma. Baada ya kile kipigo nilikaa na kurasa zangu usiku kucha. Nikaona kwamba kila baada ya wiki nne hivi uzito wake unapanda kilo moja, wakati mwingine moja na nusu, unakaa hivyo siku tatu nne, kisha unashuka wenyewe. Pembeni ya siku hizo, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nilikuwa nimeandika: "chipsi?" Mara moja nilikuwa nimeandika: "amedanganya". Tulimwadhibu kwa siku hizo, mizunguko kumi ya uwanja, na yeye alikimbia bila neno.

Nikampelekea daftari. Akalifunua polepole, akacheka kidogo, si cheko la furaha. "Kaka, hiyo si chipsi. Hizo ni siku zangu."

Wanawake wengi mwili huhifadhi maji zaidi siku chache kabla ya hedhi, na mizani inaonyesha. Muuguzi yeyote angetuambia. Katika jimu yenye wanaume 40 na binti mmoja, hakuna aliyeuliza, na yeye aliona haya kusema mbele ya mwalimu anayemwita baba. Kanuni za ngumi za ridhaa zinamtaka bondia wa kike asaini tamko kwamba hana ujauzito kabla hajapanda ulingoni, basi mwili wake wa kike tuliukumbuka pale tu karatasi ilipotulazimisha. Nilipohesabu tarehe, wiki ya mashindano yale ilikuwa ndiyo wiki yenyewe. Alikuwa anakausha kilo tatu, na moja zaidi ambayo hatukujua ipo.

Hayo ni ya mizani. Kurasa za mapambano, kwa maoni yangu, ni nzito zaidi, na ndizo zinazowahusu mabinti wengi kuliko yeye.

Daftari linaonyesha mapambano 17 katika miaka 6. Lakini 6 kati ya hayo ni ushindi wa mezani. Asiyeujua utaratibu huu afikirie hivi: bondia anavalishwa kila kitu, kofia, glavu, kinga ya meno, anapanda ulingoni. Mtangazaji anaita jina la mpinzani. Kengele inapigwa. Kona ya pili iko tupu, kuna stuli tu. Inasubiriwa dakika, hajaonekana mtu, mwamuzi anamnyanyua mkono na watu wanapiga makofi ya heshima. Ubingwa wake wa pili wa taifa aliupata namna hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho; hakutupa hata ngumi moja. Usiku ule aliniomba nimshikie pedi nyuma ya jukwaa, raundi tatu, kwa sababu alikuwa amejiandaa miezi mitatu na mikono ilikuwa inawasha.

Yanabaki 11 ya kweli. Kati ya hayo, 3 ni dhidi ya binti mmoja huyohuyo, ambaye walizoeana kiasi cha kutaniana kabla ya kupima uzito. Na kwa kuwa mkono wake wa kulia ni mzito, 7 yaliisha raundi ya kwanza au ya pili. Maana yake bingwa wa taifa mara 4 alikuwa ameifikia raundi ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho, mara 4 tu maishani mwake.

Linganisha. Claressa Shields wa Marekani, aliyechukua dhahabu London akiwa na miaka 17 na nyingine Rio, alimaliza ngumi za ridhaa akiwa na ushindi 77 na kupoteza moja. Hilo moja alilipoteza kwa Savannah Marshall kwenye mashindano ya dunia ya 2012, kabla ya London, na watu wachache hulizungumzia, ilhali naamini lilimjenga. Mary Kom wa India alianza na fedha kwenye mashindano ya kwanza kabisa ya dunia ya wanawake, Scranton 2001, akarudi akachukua dhahabu 6, ya mwisho mwaka 2018 akiwa mama wa watoto watatu. Wanawake hawa wana vipaji, hakuna ubishi. Ila pia walipata watu wa kupigana nao, mwaka baada ya mwaka.

Sparingi haizibi pengo hilo. Binti wetu anapigana na wavulana, na mvulana ana tabia mbili: ama anamwonea huruma na kugusa tu, ama akipigwa konde moja safi mbele ya wenzake anageuza kuwa ugomvi. Katikati ya hayo mawili ndipo ngumi zinapofundishwa, na hapo pameshika wavulana wawili tu katika jimu nzima. Nawashukuru.

Sasa pambano lenyewe, maana waliosema ameogopa hawakuliona.

Raundi ya kwanza alitoka mbele. Alipiga jabu mbili, ngumi za haraka za mkono wa mbele, na kulia yake, ikaingia, nikasikia mlio. Mpinzani, msichana mwembamba mrefu kidogo, alipepesuka nusu hatua. Nyumbani pambano lingeishia pale. Huyu alimkumbatia, akaweka kidevu begani kwake, akapumua mara mbili, akatupa jicho kwenye saa. Mwamuzi alipowaachanisha alikuwa mzima. Kitu kile kidogo, kumkumbatia mtu na kutazama saa, ndicho kilichonionyesha kwamba tumekutana na mtu aliyepigana mara nyingi. Begi halikumbatii mtu.

Raundi ile majaji 2 walimpa wetu pointi 10 za mshindi wa raundi, 3 wakampa mwenzake. Ilikuwa bado wazi kabisa. Raundi ya pili mikono ilianza kushuka. Mapumzikoni mwalimu alipiga goti mbele yake, "Mwanangu, kushoto. Kushoto tu, usisubiri kulia." Aliitikia kwa kichwa, lakini nilipommwagia maji shingoni ngozi haikushtuka. Raundi ya tatu ni dakika 3 kamili. Zamani wanawake walipigana raundi 4 za dakika 2, na nadhani hata mfumo ule ungemfaa zaidi siku ile, maana kila dakika 2 angepata kupumua. Dakika ya mwisho miguu ilikuwa imekwisha. Alikuwa anaona ngumi inakuja, najua alikuwa anaiona kwa sababu macho yalikuwa yanaifuata, na kichwa hakiondoki. Hakurudi nyuma hata hatua moja. Aliyeogopa hukimbia, huyu alisimama akapokea, na ingekuwa heri angekimbia kidogo.

Baada ya hapo mengine ni ya kawaida, nayapitia haraka. Akaacha mazoezi miezi miwili. Akaja promota wa ngumi za kulipwa, akiwa na mkataba wa kurasa mbili na bahasha. Tangu Hassan Mwakinyo amtwange Sam Eggington kule Birmingham mwaka 2018, ngumi za kulipwa hapa zimechangamka, na usiku wa pambano bondia anaondoka na chochote mkononi. Ridhaa inatoa posho, na kwa aliyeajiriwa na timu za majeshi kuna mshahara na chakula. Binti wa uraiani kama wetu hana hivyo vyote. Mama yake aliniweka chini akaniuliza, "Baba, huo ubingwa wa mara nne unalipa kodi ya chumba?" Sikuwa na jibu. Nilimweleza tu ninachokijua: kwamba tangu Rio 2016 bondia wa kulipwa anaweza kurudi Olimpiki kwa kufuzu, kwa hiyo mlango haufungwi, ila mwanawe akienda sasa na mapambano 11, atauzwa kama bingwa mara 4 na kupangiwa watu wanaolingana na mataji yake, wakati mikono yake bado ina uzoefu mdogo. Hiyo ndiyo hatari. Katie Taylor wa Ireland aliingia kulipwa mwaka 2016 akiwa ameshachukua ubingwa wa dunia mara 5 na dhahabu ya Olimpiki. Alikwenda akiwa ameiva.

Binti mwenyewe ndiye aliyeamua. Alirudisha bahasha bila kuifungua, akasema anataka mwaka mmoja.

Katika mwaka huo mambo mawili yamebadilika. La kwanza halikutokana na sisi. World Boxing, shirikisho jipya ambalo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilianza kulitambua mwaka 2025, limepanga upya madaraja kuwa 10, na kwa wanawake baada ya 60 inakuja 65. Los Angeles 2028 wanawake watakuwa na madaraja 7, sawa na wanaume, na 65 imo. Kwa mwili wake, 65 ni kula ugali na maharage na kulala usingizi. Juzi mwalimu alichukua ile kurasa yenye "60" ya wino mwekundu akaichana mbele ya jimu nzima, akamwomba radhi. Sijawahi kumwona mwalimu wa ngumi akimwomba radhi bondia, na wavulana walinyamaza kimya.

La pili ni safari. Tumekuwa tukichangishana, wanajimu na majirani, nauli ya basi la Nairobi. Kenya walipeleka bondia wa kike Olimpiki tangu London 2012, Elizabeth Andiego, na Christine Ongare alirudi na shaba ya Jumuiya ya Madola kutoka Gold Coast mwaka 2018. Sisi kwenye Jumuiya ya Madola tuna medali kama dhahabu ya Michael Yombayomba ya 1998 na shaba mbili za Birmingham 2022, za Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe, wanaume wote. Kwa hiyo tunawafuata wanawake walipo. Safari tatu mpaka sasa, raundi 31 za sparingi na mabinti wa uzito wake au wanaomkaribia. Safari ya kwanza alirudi na jicho limevimba na furaha ambayo sikuiona hata siku za ule ushindi wake wa mezani.

Daftari sasa analiandika mwenyewe. Kuna safu aliyoiongeza kwa kalamu ya kijani, na mimi siisomi. Ananiambia tu wiki ipi tupunguze kukimbia. Mashindano ya mkoa ni mwezi ujao, kilo 65. Jana jioni niliuliza wangapi wamejiandikisha. Wapo 3, pamoja naye.